Kijiji cha Waviking kilichojengwa upya: ni historia au geresha la watalii?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, natokea Tanga, tunaishi Hamburg. Mwanangu wa miaka 10 amesoma habari za Waviking shuleni na sasa hanipi raha, anataka twende kwenye kijiji chao cha Haithabu kule Schleswig. Baba yake anasema ni geresha la watalii: nyumba zote mpya, watu wamevaa nguo za kuigiza, bora tuwapeleke makumbusho ya kweli. Mimi wasiwasi wangu ni mwingine. Binti yetu wa miaka 6 ana pumu, na kwenye picha nimeona moto unawaka ndani ya nyumba. Halafu nasikia wabaguzi wa huku wanazipenda sana alama za Waviking, sitaki kuwapeleka watoto wangu weusi mahali watakapoangaliwa vibaya. Na sisi ni Waislamu, sijui watakula nini. Twende au tusiende? Na tukienda, tuangalie nini hasa?"*

Dada yangu, nendeni. Ila binti yako asiingie kwenye nyumba yenye moto. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri.

Nyumba za Waviking, wale mabaharia na wafanyabiashara wa Skandinavia wa karne ya 8 hadi ya 11, hazikuwa na dohani. Moto ulikokwa katikati ya chumba, chini, na moshi ukajitafutia njia yake kupitia uwazi ulioachwa juu kwenye paa. Ukiingia leo kwenye nyumba iliyojengwa kwa mtindo huo utaona moshi umetanda darini, na chini mnapokaa panaonekana pana hewa nzuri tu. Hapo ndipo wazazi wengi wanapodanganyika. Hewa ya moto hupanda na moshi unaoonekana, lakini zile chembe ndogo kabisa, ambazo ndizo zinazoingia ndani ya mapafu, hubaki zikielea mpaka usawa wa mtu aliyeketi. Na kila mlango unapofunguliwa, upepo unaurudisha moshi chini. Watafiti wa Denmark waliwahi kukoka moto ndani ya nyumba mbili za aina hii na kupima hewa yake, wakakuta uchafu wa hewa umezidi mbali sana kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Aliyekulia kwenye jiko la kuni hahitaji mashine kulijua hilo.

Mimi ni mwanaakiolojia, si daktari, kwa hiyo ongea na daktari wa mtoto kabla ya safari. Mwambie wazi kwamba mnakwenda mahali penye moshi wa kuni, kondoo na nyasi kavu, muulize kama dawa yake ya kila siku inatosha na mfanye nini akibanwa. Pampu yake ya kuvuta iwe kwenye mkoba wako, usiiache garini, maana pale Haithabu kutoka jengo la makumbusho hadi kwenye nyumba kuna mwendo wa miguu kando ya maji, si hatua mbili. Mkifika, muulize mfanyakazi yeyote ni nyumba zipi zimekokwa moto siku hiyo. Kwa kawaida si zote, na zile zisizo na moto binti yako ataingia kama wenzake. Akianza kukohoa au kifua kikianza kupiga miluzi, mtoe nje mara moja na mpe pampu kama daktari alivyoelekeza. Isipomsaidia, au akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, piga 112 papo hapo, msianze kutafuta gari.

Sasa tuje kwa baba watoto. Ana haki, lakini nusu. Ni kweli nyumba ni mpya: zile saba za Haithabu zilijengwa kati ya 2005 na 2008, na zana za kisasa zilitumika pia. Kosa lake ni kudhani kwamba kwa kuwa kitu ni kipya basi kimebuniwa tu. Ngoja nieleze tunavyofanya, kisha akate shauri mwenyewe.

Nguzo ya mti ikichimbiwa ardhini na kuachwa ioze, haipotei bila dalili. Shimo lake hujaa udongo mwingine, mweusi zaidi na laini zaidi, na baada ya miaka elfu moja bado doa lile linaonekana pale tunapokwangua ardhi taratibu. Madoa yakiwa mengi unaanza kuona safu, kisha mstatili, kisha uwazi palipokuwa mlango. Katikati unakuta udongo uliobabuka kwa moto: hapo palikuwa jikoni. Kwa njia hiyo tunapata urefu wa nyumba, upana wake, vyumba vyake. Tusichokipata mara nyingi ni kile kilichokuwa juu ya ardhi. Ukuta ulikwenda juu kiasi gani? Paa lililala vipi? Dirisha lilikuwapo? Hapo ndipo kazi ya kukisia kwa akili inapoanza.

Haithabu ina bahati kuliko sehemu nyingi. Mji ule ulikuwa kando ya ghuba, ardhi yake imelowa maji, na mbao zikilowa moja kwa moja bila kupata hewa haziozi. Wachimbaji walikuta ukuta mzima wa fito umeanguka na kulala vilevile kwenye tope, na kwa kuhesabu pete za ukuaji wa mti wakajua kwamba nyumba ile ilijengwa mwaka 870. Ndiyo maana moja ya nyumba utakazoziona imenakiliwa kutoka kwenye nyumba hiyo halisi. Na wewe mtu wa Tanga hutahitaji maelezo: ni miti iliyosimamishwa, fito zikasukwa katikati, kisha pakakandikwa udongo. Tofauti kubwa ni paa, kwao matete mazito badala ya makuti, kwa sababu ya theluji. Mwache mtoto apapase ukuta wa ndani mahali udongo ulipopasuka, aone fito zilivyopishana, halafu mwonyeshe kwenye simu picha ya nyumba ya kukandika ya kijijini kwa babu yake.

Lakini wajenzi wa leo nao hukosea, na kosa moja ni maarufu mno kwenye fani yetu. Huko Trelleborg, kisiwa cha Zealand nchini Denmark, kuna ngome ya duara iliyojengwa karibu na mwaka 980, enzi za mfalme Harald Bluetooth. Nyumba zake ziliacha safu mbili za madoa: moja ya ukuta, nyingine nje kidogo ya ukuta. Mwaka 1942 ilijengwa nyumba ya mfano pale, na mjenzi akaamua kwamba ile safu ya nje ni nguzo za baraza iliyoizunguka nyumba nzima. Ikapendeza kweli, ikapigwa picha, ikaingia vitabuni. Baadaye uchunguzi wa mashimo yenyewe ulionyesha kwamba nguzo za nje hazikusimama wima. Zililala kuelekea ukutani. Hazikuwa za baraza, zilikuwa mihimili ya kuzuia ukuta usisukumwe nje na uzito wa paa. Miaka ya 1980 nyumba nyingine ya aina hiyo ikajengwa kwenye ngome ya Fyrkat, safari hii bila baraza. Ile ya Trelleborg haikubomolewa, ipo mpaka leo, na binafsi naona walifanya vema kuiacha. Mgeni anayepita pale anaweza kuona kwa macho yake jinsi wasomi wa 1942 walivyofikiri.

Kwa hiyo kwenye kijiji chochote cha namna hii mfundishe mwanao swali moja tu: "Mmejuaje?" Amuulize mhunzi, amuulize anayefuma nguo, amuulize anayeoka mkate. Mtu anayeijua kazi yake atafurahi, atamwambia: hiki kimechimbuliwa hapahapa, hiki tumekichukua kutoka kwenye kaburi la Uswidi, na hiki, kusema kweli, tumekisia. Akijibiwa "ndivyo walivyokuwa" bila zaidi, basi hapo baba yake ameshinda hoja.

Na wale waliovaa kanzu za sufu wengi wao si waigizaji. Kuna waajiriwa wa makumbusho, kuna mafundi wanaoishi kwa kazi zao, na kuna watu wa kujitolea ambao wametumia miaka kujifunza kusokota uzi au kufua chuma. Hawatajifanya hawajui simu ni nini. Ukimkuta mama anasokota, muombe amwachie binti yako ajaribu: ni kijiti chenye kigurudumu kidogo cha udongo chini yake, unakizungusha, unakiacha kining'inie, na uzito wa kigurudumu unavuta na kupota sufu iwe uzi. Mara za kwanza uzi utakatika na kijiti kitaanguka, watoto hucheka sana. Vigurudumu vya namna hiyo vimechimbuliwa Kilwa pia, huko vikisokota pamba.

Mkiona muuza duka ametundika kofia zenye pembe, mnunulieni mtoto akitaka, lakini ajue si za Waviking. Kofia ya chuma ya enzi zao iliyo karibu kamili ni ile iliyopatikana Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943, na haina pembe. Pembe zilienea kutokana na mavazi ya jukwaani ya opera ya mtunzi Mjerumani Wagner kule Bayreuth mwaka 1876.

Wasiwasi wako kuhusu wabaguzi sitaufumbia macho, kwa sababu hukuutoa hewani. Haithabu yenyewe imepitia mikono hiyo. Miaka ya 1930 uchimbaji mkubwa pale uliongozwa na Herbert Jankuhn, mwanaakiolojia hodari aliyekuwa pia mwanachama wa SS, kikosi cha chama cha Nazi cha Hitler, na kazi ile ikapata ulezi wa Himmler, mkuu wa kikosi hicho, aliyetaka ardhi imthibitishie ubora wa watu wa kaskazini. Baada ya vita kulikuwa na kundi la vijana la mrengo mkali wa kulia lililojiita Wiking-Jugend, likitumia herufi ya kale ya Odal kama nembo yake. Serikali ya Ujerumani ililipiga marufuku mwaka 1994. Kwa hiyo uliyoyasikia ni kweli.

Pamoja na hayo, siku ya kawaida pale Haithabu utakachokuta ni wanafunzi na walimu wao, wastaafu wenye baiskeli na familia zenye vikapu vya chakula. Mtu aliyevaa shingoni nyundo ndogo ya Thor, mungu wa ngurumo wa Waviking, si lazima awe mbaguzi, pambo lile linauzwa dukani na linavaliwa na kila aina ya watu. Siwezi kukuhakikishia kwamba hakuna atakayekukodolea macho, kama nisivyoweza kukuhakikishia kwenye treni ya Hamburg. Ninachokushauri ni kwamba safari ya kwanza msiende siku za soko kubwa, umati unapokuwa mnene na mahema ya wageni yamejaa. Nendeni siku tulivu mpaonje. Mkitukanwa, waambieni wafanyakazi wa makumbusho hapohapo. Na mkiona alama zilizopigwa marufuku, kuzionyesha hadharani ni kosa la jinai Ujerumani, namba ya polisi ni 110.

Isitoshe, historia yenyewe haiko upande wa wabaguzi. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watu 442 wa enzi za Waviking na nyakati zilizokaribiana nazo. Ulionyesha mchanganyiko mkubwa: damu iliyoingia Skandinavia kutoka kusini mwa Ulaya na kutoka Asia, watu wengi wenye nywele nyeusi na za kahawia, na huko visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti, kulikuwa na watu waliozikwa na panga kwa desturi za Kiviking ambao kwa nasaba walikuwa wenyeji tu. Uviking ulikuwa shughuli na maisha zaidi ya kuwa ukoo.

Hapa ndipo ninyi kama Waislamu na watu wa pwani mtakapokuwa na la kuzungumza kuliko wageni wengine. Kwenye makumbusho tafuteni sarafu za dirhamu. Fedha nyingi ya Waviking ilitoka nchi za Kiislamu, ikapanda mito ya Urusi hadi bahari ya Baltiki. Huko Gotland, Uswidi, mwaka 1999 ilifukuliwa akiba moja yenye kilo 67 za fedha, ndani yake sarafu zaidi ya 14,000, nyingi mno zikiwa na maandishi ya Kiarabu. Hawakuzihesabu, walizipima kwa mizani ndogo, na ikizidi walikata sarafu vipande. Mwanao kama amehitimu juzuu zake madrasa, mpeni nafasi ajaribu kusoma kilichoandikwa, pengine ataitambua shahada. Enzi hizohizo miji ya kale ya pwani yetu, Unguja Ukuu na Shanga, ilikuwa inapokea vyombo vya udongo kutoka Ghuba ya Uajemi. Soko la Bani Abbas, makhalifa wa Baghdad, lilikuwa na mkono mmoja kaskazini na mwingine kwetu.

Kuna na mgeni mmoja aliyewatangulia. Mnamo mwaka 965 hivi alifika Haithabu msafiri kutoka Andalusi, yaani Hispania ya Kiislamu, anayejulikana kama al-Tartushi, na simulizi yake imetufikia kupitia kitabu cha al-Qazwini. Hakupapenda hata kidogo. Anasema ni mji mkubwa mwishoni kabisa mwa bahari, wenye visima vya maji matamu, watu wake hula samaki kupita kiasi, na uimbaji wao ni mngurumo wa kooni unaozidi ubaya wa mbwa wanaobweka. Anasema wanawake wa pale walikuwa na haki ya kumwacha mume watakapo, na kwamba wanaume kwa wanawake walipaka wanja. Watoto hulipenda sana hili la wanaume wenye wanja, na ni ushahidi wa mtu aliyefika.

Mwanao akiuliza kama kulikuwa na watu weusi kwa Waviking, mjibu ukweli. Katikati ya karne ya 9 kundi lao lilizunguka Hispania, likashambulia Nakur kwenye pwani ya Moroko. Kumbukumbu za Kiayalandi, zilizobaki katika nakala za baadaye, zinasema waliwachukua mateka wengi huko na kuwafikisha Ayalandi. Na hapo mmefika kwenye jambo ambalo vijiji hivi hulionyesha kwa uchache mno: utumwa. Utaona mhunzi, mfinyanzi, mfumaji, mwoka mikate, kila mtu na furaha yake. Mtumwa hutamwona, kwa sababu hakuna anayetaka kumwigiza na hakuna mgeni aliyelipa kiingilio ili ahuzunike. Lakini Haithabu ilikuwa soko la watu. Rimbert, askofu mkuu wa Hamburg na Bremen aliyefariki mwaka 888, alipita pale akakuta mateka Wakristo wamefungwa minyororo, mmoja wao mtawa wa kike aliyemwimbia zaburi ili ajulikane. Wauzaji wakakataa fedha, wakataka farasi wake. Akashuka, akatoa farasi pamoja na matandiko yake, akaondoka kwa miguu. Ninyi mnatoka kwenye pwani inayoijua Bagamoyo na soko la Mkunazini, na watoto wenu wanaishi Hamburg ya askofu huyo. Wasimulieni hili mkiwa pale gatini. Kijana wa miaka 10 analiweza, huyo mdogo mpeni kwa kipimo.

Chakula kisikusumbue. Kinachookwa kwenye moto ni mkate bapa, mara nyingi wa shayiri, na uji na samaki ni vya enzi hizo. Nyama ya nguruwe ipo kwenye migahawa na pombe ya asali huuzwa dukani, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuagiza au bebeni chakula chenu.

Haithabu ina udhaifu mmoja ambao ni haki uujue. Siku ambayo mafundi hawapo, nyumba zile zinakuwa kimya, na mtoto aliyezoea kushikashika vitu anaweza kuchoka mapema. Mkitaka mahali penye pilikapilika zaidi, vukeni mpaka kwenda Ribe, mji wa kale kuliko yote Denmark, ulioanza mapema karne ya 8. Nje kidogo ya mji kuna kituo kikubwa cha Waviking ambako watoto hupiga upinde, huoka mkate kwenye makaa na kuwafuata wanyama. Ni mbali zaidi kwenu, na kwa binti yako moto utakuwa mwingi zaidi, ingawa mengi hufanyika nje. Kwa upande wa elimu bado naipa Haithabu nafasi ya kwanza, kwa sababu mnasimama juu ya mji wenyewe, boma lake la udongo la nusu duara bado limeuzunguka, na ndani ya makumbusho kuna meli iliyoopolewa kutoka bandari hiyohiyo mwaka 1979. Hiyo itamnyamazisha baba watoto aliyetaka makumbusho ya kweli. Wengi hushauri kuanza ndani ya jengo ili mwelewe kwanza. Mimi na watoto ningeanza na nyumba, wakiwa bado na nguvu za miguu, kisha meli mwishoni.

Wakati wa baridi nyumba hufungwa, jengo la makumbusho hubaki, kwa hiyo pangeni kati ya masika na mwanzo wa vuli na mthibitishe tarehe kwenye tovuti yao. Kabla ya kukata tiketi waandikieni barua pepe mkiuliza mambo mawili: siku ipi kuna mafundi wengi, na siku ipi moto haukokwi kabisa. Mwachie mwanao aiandike hiyo barua, kwa sababu safari ni yake, halafu majibu yakija mpelekeeni daktari wa mdogo wake mkiwa mnajua mnamuuliza nini.